Mama Ustawi na Swali la Chumvi

Kama uliwahi kugombania mtoto mahakamani hapa Mbeya, basi unamjua, na huenda mpaka leo hujamsamehe. Sisi tuliopita mikononi mwake tulimwita Mama Ustawi, kwa sababu alikuwa afisa ustawi wa jamii, yule ambaye hakimu humtuma akaangalie mtoto anaishije kwa baba na anaishije kwa mama, kisha arudi aseme. Jina lake nalijua. Silitaji, maana yu hai bado, na ana sauti.

Mimi nilimjua kwa sababu ya binti yangu Atupele, Atu, aliyekuwa na miaka minane wakati mama yake alipofungua kesi ya kumtaka. Mama Atu ni mtu wa Iringa, mfanyabiashara wa vitunguu. Tulipoachana alirudi kwao, na Atu akabaki kwangu Iyunga amalizie mwaka wa shule. Mwaka ukaisha, mwingine ukaanza, na mimi nikawa kila nikiulizwa nasema tutaongea. Ndipo nikaitwa mahakamani. Mimi ni mwalimu wa udereva. Kazi yangu ni kupiga kelele ndani ya gari, na siku ile nilipiga kelele nje ya gari pia. Nilimwapia kila aliyekuwa na masikio kwamba mtoto wangu haendi popote.

Kwao Mama Ustawi ni wapi? Mpaka kesho hatujui. Ukiwa Mnyakyusa kama mimi atakusalimia "Kamwene" kama Mhehe, na ukiwa Mhehe atakuambia "Ugonile." Alifanya makusudi, ili asitokee mtu wa kumwambia dada, sisi si ndugu? Dada yangu mkubwa alipanda gari kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, akakaa naye mchana mzima akimchimba ukoo wake. Alipotoka pale alikuwa ameeleza ukoo wetu wote, mpaka habari za mjomba tuliyekubaliana asitajwe, na yeye hajaambulia hata jina la kijiji.

Ni dada huyo huyo aliyemwambia, kifua mbele, "Mama, kwetu mtoto ni wa ukoo."

"Sawa," akasema Mama Ustawi. "Ukoo unaamka saa ngapi kumpikia uji?"

Dada akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ndizi.

Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, sweta lilelile la kijani jua au mvua, na raba za kiume chini ya kitenge. Begani alibeba kikapu chenye viazi vya kuchemsha na chupa ya chai, kwa kuwa hakula wala kunywa kwa mtu mwenye kesi. Ukimwekea soda alikuwa anaitazama kwa huzuni ya kweli, kwa sababu alipenda soda kuliko kitu chochote duniani, halafu anasema, "Hiyo mwekee hakimu." Huku akimenya kiazi chake, unabaki na soda yako mkononi unajisikia mwizi. Alihubiri kwamba wazazi wafike kwa wakati, na yeye hakuwahi kufika kwa wakati hata siku moja. Alikataza watu kufokeana mbele ya watoto, na alikataza kwa kufoka. Majirani zangu walijifunza malezi bora wakiwa majumbani mwao, madirisha yamefungwa.

Sasa nieleze ile siku aliyokuja kwangu kukagua.

Nilijiandaa. Nani hajiandai? Nilipaka rangi sebule. Nikanunua meza ya kusomea, nikapanga juu yake vitabu ambavyo vingine vilikuwa vya sheria za barabarani, lakini vina picha. Makochi yangu yalikuwa na shida ya springi, kwa hiyo nikaazima ya Mama Nuru, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani na biashara wakanogewa na baridi yetu. Ni mpishi wa vitumbua, mwanamke mwenye huruma. Akanipa makochi na vitambaa vyake vya kufuma, na kwa kuwa nilikuwa nasikitika sana, akanipa na runinga.

Mama Ustawi akafika, amechelewa kama kawaida. Hakukaa. Akapita sebuleni kama mtu anayepita sokoni asiyenuia kununua, huku akisema, "Mtoto halali sebuleni." Kabla sijamfikia, mlango wa mbele ukafunguka, akaingia Mama Nuru na bakuli la bisi, akaketi katikati ya kochi, akawasha runinga. Ulikuwa wakati wa tamthilia yake. Huruma yake ilifika mpaka kwenye tamthilia ikakomea hapo.

"Karibuni," akatuambia, sisi, nyumbani kwangu.

Mama Ustawi akampita. Aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akamwita Atu. Nilijua atamuuliza: baba anakupiga? Unapenda shule? Nilikuwa nimeshamwandaa kwa hayo yote. Badala yake akatoa kiazi kikapuni na kusema, "Mwanangu, nipatie chumvi."

Nilikuwa na chumvi! Nilinunua pakiti mpya, nikaimimina kwenye kopo jipya, nikaliweka kwenye rafu mpya. Atu hata hakuitazama ile rafu. Alitoka mlango wa nyuma mbio, akaingia jikoni kwa Mama Nuru, akarudi na chumvi kwenye kiganja.

"Ahsante," akasema Mama Ustawi, akachovya kiazi. "Na sukari?"

Atu akaanza kutoka tena. Nikasema jamani, sukari ipo! Mama Ustawi akanigeukia taratibu. "Mwalimu," akasema, "nimemuuliza dereva."

Hilo ndilo lilikuwa swali lake, na hakulibadilisha maisha yake yote ya kazi. Aliniambia baadaye kwamba mtoto anaweza kufundishwa kusema nampenda baba, nampenda mama, lakini mkono wake hauwezi kufundishwa kwa siku moja mahali pa chumvi. Watu walikuja kulijua swali lile, wakawa wanawakaririsha watoto: chumvi iko pale, chumvi iko pale. Akihisi hivyo, aliuliza kiberiti.

Baada ya chumvi aliomba ungo, akamwaga maharage yangu, wakatoka uani yeye na Atu wakakaa kuyachambua. Hiyo nayo ilikuwa desturi yake. Kila mtoto alichambua naye kitu, mchele, maharage au dagaa, na mtu mzima hakuruhusiwa kusogea. Wanaongea wameinamisha vichwa, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Nilivumilia kidogo. Kisha nikachukua ndoo nikaenda kumwagilia mgomba uliokuwa karibu nao. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

"Mwalimu," akaita bila kugeuka, "huo mgomba nao unataka leseni?"

Nikarudi ndani nikaangalia tamthilia na Mama Nuru. Sikuelewa chochote. Dirishani nilimwona Atu akiongea, akiongea, akiongea, mtoto ambaye kwangu alikuwa wa ndiyo na hapana. Halafu akanyamaza, akasema kitu kimoja kifupi, na Mama Ustawi akaacha kuchambua. Mkono wake ulibaki hewani na maharage. Nikajua hapo ndipo nimesemwa.

Mama Atu naye alikaguliwa. Kwa kawaida ingeandikwa barua kwa afisa wa Iringa aende yeye, lakini Mama Ustawi alikuwa na imani kwamba macho mawili tofauti yataona watoto wawili tofauti, kwa hiyo akapanda basi mwenyewe na viazi vyake. Habari za huko alinisimulia Mama Atu mwenyewe, tulipoanza tena kusalimiana. Yeye alikuwa ameishi chumba na sebule nyuma ya soko, katikati ya magunia ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Aliposikia anakuja kukaguliwa akaona aibu ya harufu, akapanga nyumba ya vigae upande wa watu wakubwa, akahamia juzi yake. Atu alikuwa likizo kwake. Akaulizwa chumvi. Mtoto akafungua kabati, tupu. La pili, tupu. La tatu lilikuwa na pasi. Akasimama katikati ya vigae akasema, "Hapa sijui. Nyumbani iko juu ya gunia la vitunguu."

Siku ya mahakama tulikuja tumevaa kama tunaoana upya. Hakimu akamuuliza Mama Ustawi alichokiona.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti ile ikaamsha mpaka askari wa mlangoni, "nimekagua nyumba mbili ambamo mtoto huyu hajawahi kuishi. Naomba muda. Hawa wakarudishe vitu vya watu, nami nirudi nikaone wanapoishi."

Watu walicheka. Hakimu alijikohoza. Mama Atu na mimi tulitazamana kwa mara ya kwanza tangu tuachane, na kusema kweli nilikaribia kucheka, ila nilikumbuka nina hasira.

Nikarudisha makochi. Mama Atu akarudi kwenye vitunguu vyake. Mama Ustawi akaja tena kwangu, akakaa kwenye springi zangu bila kulalamika, akaenda tena Iringa. Mwisho mahakama ikaamua: Atu akae kwa mama yake, likizo aje kwangu, na baba aruhusiwe kumtembelea wakati wowote kwa kutoa taarifa.

Nilishindwa. Wengine wanasema katika mambo ya watoto hakuna kushindwa. Hao hawajawahi kubeba begi dogo la shule mpaka stendi. Nilimkimbilia Mama Ustawi koridoni.

"Mtoto alikuambia nini siku ile ya maharage?"

"Alichosema mtoto ni cha mtoto."

"Alinikataa?"

Akafungua kikapu, akanipa kiazi, akaondoka. Kiazi! Nilikitupa. Baadaye nikarudi kukitafuta kwa sababu nilikuwa sijala tangu jana, nikakuta mbwa wa mahakama ameshakimaliza.

Basi nikaanza kuijua barabara ya Iringa. Kila mwisho wa mwezi, basi la alfajiri, Makambako chai, Mafinga baridi, nashuka Iringa na ndizi begani. Ukiacha siku za mahakama, Mama Atu hakuwahi kuja Mbeya, hata kwenye msiba wa bibi yake Atu. Si kwa ubaya. Macho ya watu wa Iyunga yalimshinda. Atu alipokuwa kwangu likizo, mama yake alipiga simu kila jioni akalia mpaka chaji ikaisha, lakini kuja, hakuja. Hata ule muda wa mwanzo Atu alipobaki kwangu, ilikuwa hivyo hivyo. Mimi nililizoea, na sikuona kama ni jambo la kufikiria.

Kumuuliza Atu mwenyewe alisema nini, sikuthubutu. Nilifundisha watu kuendesha malori kwenye kona za Kitonga, lakini mbele ya swali lile nilirudi nyuma kila mara. Je, akisema, ndiyo baba, nilikukataa? Ningeshuka wapi?

Kwa hiyo nikamsumbua Mama Ustawi, na Mungu akanisaidia, kwa maana miaka kadhaa mbele alinunua kigari kikuukuu cha mkononi na kuja shuleni kwetu kujifunza. Mkurugenzi akasema nani amchukue? Wenzangu wote walikuwa wameachana na mtu. Nikasema nipeni mimi.

Jamani. Mwanamke aliyenyamazisha mahakama alikuwa akiogopa klachi. Gari likizima mlimani alilisemesha: "Kwani shida ni nini? Hebu nieleze." Alikuwa anampisha kila mtu, mbuzi, bodaboda, bata. Kubwa kuliko yote, hakuweza kumpita mtoto. Akimwona mtoto mahali popote, hata ndani ya ua wa mtu, miguu yote miwili inashuka kwenye breki, sisi wote kwenye kioo.

"Mama! Endesha!"

"Kuna mtoto mbele."

"Yule yuko barazani kwao anakula muhogo!"

"Anaweza kumaliza."

Nilijaribu kumrubuni. Nikamwambia niambie alichosema Atu, nitakufundisha mwezi mzima bure. Akajibu kwamba kwa jinsi ninavyofundisha, ilikuwa haki yake kupata bure. Nikajaribu kumvizia akiwa amebanwa kwenye mzunguko wa magari, jasho linamtoka. "Sema, nikuelekeze." Akazunguka mara nyingi kuliko nilivyowahi kuona mtu akizunguka, mdomo umefungwa kabisa, mpaka taa ya mafuta ikawaka. Alipofanya mtihani na trafiki, alisimama katikati ya barabara akashuka kuwauliza watoto wa shule kwa nini wanatembea upande wa magari. Alifeli kwa heshima kubwa. Gari akamwachia mwanawe wa kiume, na mimi nikabaki na swali langu.

Aliwajua watoto wa watu wote kuliko wake. Mwanawe huyo aliwahi kuniambia, tukijaza mafuta, "Sisi hatukuwahi kuulizwa chumvi iko wapi, Mwalimu. Tuliambiwa tuilete." Alicheka aliposema, ila alisema.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, mwanawe akanipigia simu amechanganyikiwa. Mama amestaafu, miguu inamsumbua. Yeye pale Mbeya amemjengea mama chumba chenye choo ndani, kuna kochi jipya, kuna mashine ya kuchemsha maji. Dada yake yuko Iringa, Kihesa, vyumba viwili na watoto wa kurukaruka. Na mama ameenda Kihesa kusalimia akagoma kurudi. Kaka na dada hawasalimiani. "Nenda wewe, Mwalimu. Wewe ndiye pekee unayemfokea. Kaangalie anaishije, uje uniambie."

Nikaangalie anaishije! Nililala nikicheka, nikaamka nikicheka. Nikachemsha viazi. Nikapanda basi, nikampitia Atu chuoni kwake, sasa ni msichana mkubwa anayenipita urefu, tukaenda Kihesa.

Tulimkuta uani amekaa kwenye kigoda, sweta la kijani, ungo wa maharage mapajani, wajukuu wakipita juu yake. Binti yake akatuletea soda. Nikaitazama ile soda kwa huzuni ya kweli. "Hiyo mpe hakimu," nikasema, nikatoa kiazi changu. "Mama, naomba chumvi."

Alinikazia macho. Kisha, bila kuinuka, akapeleka mkono nyuma, chini ya beseni lililofunikwa, akatoa kopo la chumvi. "Mshenzi," akasema. "Mtihani nimeutunga mimi mwenyewe."

Atu alicheka mpaka akakaa chini, akavuta ungo upande wake, akaanza kuchambua.

"Mwanao ana kochi," nikasema. "Ana choo cha ndani. Huku unarukwa na watoto. Mkaguzi anataka sababu."

"Wa Mbeya ni mtu wa kumfuata mtu," akasema. "Nikikaa hapa atakuja. Atakuja na kigari changu, atakuja ananung'unika, lakini mwisho wa mwezi utamwona. Huyu binti yangu hapa nikikaa Mbeya atalia kwenye simu. Kuja hatakuja. Namjua, si kwa ubaya. Kwa hiyo nikikaa Mbeya nina mtoto mmoja. Nikikaa hapa ninao wote wawili."

Nikacheka. "Hiyo hesabu umeitoa wapi?"

Alichukua maharage, akayasogeza machoni, akatupa jiwe.

"Kwa mtoto fulani," akasema. "Sitaji jina. Alikuwa na miaka minane. Aliniambia, nipeleke kwa mama, kwa sababu baba atakuja."

Mkono wa Atu ukasimama juu ya ungo. Hakuinua kichwa. Nikaona masikio yake yamebadilika rangi, kama yalivyokuwa yakibadilika akiwa mdogo. Mabasi yale yote. Makambako yote ile. Nilidhani naifuata hukumu, kumbe nilikuwa nimeaminiwa. Nikasimama, kiazi kikaanguka, machozi yananitoka na sauti nayo inatoka, sauti ya kazini, ile ya ndani ya gari: "Atupele! Miaka yote hii! Miaka yote hii mimi nakaa na..."

"Mwalimu," akasema Mama Ustawi, kwa upole, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Breki. Kuna mtoto mbele."

Nikakaa. Atu, bila kuniangalia, akanisogezea ungo.